Mtoto kulia unapokwenda kazini si ukaidi

Kina mama wengi wanaofanya kazi mijini hushangazwa na jambo moja. Walirudi kazini mtoto akiwa na miezi mitatu na hapakuwa na matata yoyote. Alikabidhiwa yaya, akanywa maziwa yake, akalala. Kisha anapofikisha miezi saba au minane, mtoto huyo huyo huanza kuangua kilio kila asubuhi mamake anapochukua mkoba. Humng'ang'ania nguo, hukataa kubebwa na jirani aliyekuwa akimchekea majuzi tu, na akiona uso mgeni huficha kichwa kifuani mwa mama.

Maelezo mitaani huwa mengi. Kuna watakaosema mtoto amedekezwa. Wengine watasema yaya anamtesa mama akiwa hayupo, na hawakosekani wa kumshuku jirani mwenye jicho baya. Yaya hufutwa kazi, mwingine huletwa kutoka mashambani, na kilio huzidi badala ya kupungua.

Yapo mateso ya kweli, na mzazi hana budi kuwa macho. Lakini mara nyingi katika umri huo hakuna aliyekosea. Mtoto amekua tu.

Mtoto mchanga huanza kutabasamu kwa kuitikia uso wa mtu anapokaribia wiki ya sita. Tabasamu hilo humfurahisha kila mtu nyumbani, lakini kwa hakika yeye humgawia yeyote anayemwinamia. Miezi mitatu ikitimia, humtambua mamake kwa sauti na kwa harufu, ila hana ubaguzi mkubwa. Ni kati ya mwezi wa sita na wa nane ambapo huanza kuchagua watu wake. Wakati huo huo akili yake hupiga hatua nyingine: anajua sasa kwamba kitu asichokiona bado kipo mahali fulani. Mama akitoka mlangoni, mtoto anajua yupo, ila hana njia ya kujua atarudi lini wala kama atarudi. Hofu hiyo hupanda hadi karibu na mwaka mmoja na nusu, kisha hutulia polepole kadiri anavyopata maneno.

Sasa linganisha na sheria yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa malipo kamili, na baba wiki mbili. Likizo hiyo huisha kabla mtoto hajaanza kuchagua watu wake. Mama huondoka nyumbani akiamini kuwa amekwisha kuvuka sehemu ngumu, kumbe sehemu ngumu iko mbele, naye hayupo nyumbani kuiona ikianza.

Utafiti wa Kampala

Wengi wetu tukisikia habari za malezi na saikolojia hudhani ni mambo ya Wazungu yasiyotuhusu. Lakini mojawapo ya tafiti za kwanza kabisa kuhusu jinsi mtoto anavyoshikamana na mzazi ilifanywa hapa jirani, katika vijiji vilivyo karibu na Kampala, mwaka wa 1954 na 1955. Aliyeifanya alikuwa Mary Ainsworth, mwanasaikolojia mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi mjini London na Daktari John Bowlby, ambaye mwaka wa 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya watoto wanaotenganishwa na mama zao.

Bi Ainsworth alikuja Uganda kwa kumfuata mumewe aliyekuwa amepata kazi huko. Alitaka kujua linalompata mtoto anapoachishwa ziwa, kwani alikuwa amesikia kuhusu desturi ya Baganda ya kumpeleka mtoto kwa nyanyake wakati huo. Alikuta si wengi walioifuata tena desturi hiyo, lakini alichokiona kilikuwa kikubwa kuliko alichokitafuta. Kila baada ya wiki mbili alitembelea nyumba 26 zenye watoto wachanga 28, akakaa sebuleni na kina mama kwa muda wa saa mbili hivi akiwa na mkalimani. Aliendelea kwa karibu miezi tisa.

Aliona mtoto akishuka mapajani, akatambaa kwenda kuchungulia mgeni, akageuka kumtazama mama, akarudi kumgusa goti, kisha akaenda tena mbali zaidi. Mama alikuwa kama kituo cha matatu: mtoto huondoka hapo na hurudi hapo. Yule asiye na hakika na kituo chake hakwenda mbali. Alibaki amekwamilia nguo za mamake na kulia hata akiwa amebebwa.

Kati ya watoto wale 28, alihesabu 16 waliokuwa wameshikamana na mama zao kwa utulivu, saba waliokuwa wameshikamana kwa wasiwasi, na watano ambao walikuwa bado hawajaonyesha dalili yoyote ya kushikamana. Walioleta tofauti hawakuwa matajiri wala maskini. Muda ambao mama mwenyewe alimhudumia mtoto ulikuwa na maana. Lakini kulelewa kwa kusaidiana na watu wengine hakukumharibu mtoto. Jambo jingine lililojitokeza waziwazi lilikuwa hili: mama aliyeweza kueleza kwa kina mambo madogo madogo ya mtoto wake, alivyolala, anachokiogopa, sauti anayoitoa akiwa na njaa na anayoitoa akiwa amechoka, aghalabu ndiye aliyekuwa na mtoto mtulivu.

Msomaji, ukitaka kujipima, usianze kwa kuhesabu saa unazokaa nyumbani. Jiulize kama ungeweza kueleza mambo hayo kuhusu mwanao leo. Na kama jibu liko kwa yaya peke yake, muulize jioni. Ataona fahari kukueleza.

Ainsworth alichapisha matokeo hayo kama kitabu mwaka wa 1967. Kufikia wakati huo alikuwa akiishi Baltimore, Marekani, ambako alifuatilia familia nyingine 26 na kubuni jaribio linalotumika hadi leo. Mtoto wa mwaka mmoja huingizwa pamoja na mamake katika chumba chenye vitu vya kuchezea, mgeni huingia, mama hutoka kwa dakika chache, kisha hurudi. Kinyume cha tunavyodhani, mtafiti hakodolei macho kilio cha mama anapotoka. Anaangalia mama anaporudi. Mtoto aliyetulia hata kama alilia sana hunyosha mikono, hubembelezwa, kisha hurudi kucheza. Mwingine hulia na kumpiga mama teke anapobebwa, akimtaka na kumkataa kwa pamoja. Na wapo ambao mama akirudi hawamtazami kabisa, huendelea na gari lao la plastiki kana kwamba ni upepo uliofungua mlango.

Hawa wa mwisho ndio tunaowasifu. "Huyu wangu ni mpole sana, hata hajali nikitoka." Watafiti walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hiyo katika miaka ya sabini, waligundua kuwa moyo ulikuwa ukienda mbio chini ya utulivu ule. Walikuwa wamejifunza mapema kwamba kilio hakileti mtu.

Hata hivyo msomaji asikimbilie kumtilia shaka kila mtoto mtulivu. Mtoto wa Nairobi au Mombasa aliyezoea yaya mwema huenda asilie kwa sababu amebaki na mtu wake. Cha kutazama ni mtoto asiyemwendea mtu yeyote anapoumia: ameanguka, amechubuka goti, lakini hainui macho kumtafuta mtu wa kumlilia.

Maziwa hayatoshi

Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kuwa mtoto humpenda mama kwa sababu ya chakula. Mwaka wa 1958 Harry Harlow wa Marekani aliandika juu ya jaribio lake la nyani wachanga waliotenganishwa na mama zao na kupewa sanamu mbili, moja ya waya iliyokuwa na chupa ya maziwa na nyingine iliyofunikwa kwa kitambaa laini. Nyani walikwenda kwenye waya kunyonya, kisha wakarudi kukumbatia kitambaa siku nzima. Jaribio lenyewe lilikuwa la kikatili na leo lisingeruhusiwa kirahisi.

Binadamu nao walifanyiwa karibu hivyo, tena si na wanasayansi. Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka nchini Romania mnamo Desemba 1989, ulimwengu uliona makao ya serikali yaliyojaa watoto zaidi ya laki moja. Walilishwa, lakini walezi walikuwa wachache mno na walifanya kazi kwa zamu, hivi kwamba hapakuwa na mtu wa mtoto yeyote. Watafiti wa Marekani walioanza kazi mjini Bucharest mwanzoni mwa miaka ya 2000 walichukua watoto 136, nusu yao wakapelekwa kwa familia za kuwalea kwa kupigiwa kura. Waliopata familia walinufaika, hasa waliopata kabla ya kutimiza miaka miwili. Kuna wasomaji wanaotoa misaada kwa makao ya watoto hapa Kenya, nao hufanya hivyo kwa moyo safi. Lakini mtoto wa miezi kumi aliye katika makao hayo, zaidi ya blanketi, anahitaji mtu mmoja atakayekuwapo kesho na kesho kutwa.

Yaya anapofunga mizigo

Hapa ndipo sisi wa mijini tunapojikwaa zaidi. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakutuambia ni nani amleaye kati ya saa kumi na mbili asubuhi mama anapopanda matatu, na saa mbili usiku anaporejea.

Mtoto aliyekaa na yaya mwaka mzima ameshikamana naye pia. Hilo si wizi wa mapenzi. Mtoto anaweza kuwa na watu wake wawili, watatu au wanne, kila mmoja akiwa na daraja lake, na mama aliye na uhusiano mwema na mwanawe hapokonywi nafasi kwa sababu mtoto amemwita anti "mama". Wivu huo umewafukuzisha kazi mayaya wengi wazuri.

Kisha mwisho wa mwezi hufika, au Disemba, na anti huenda kwao asirudi. Pengine alizozana na mwajiri juu ya mshahara, pengine amepata kazi ya kiwandani. Huondoka mtoto akiwa usingizini. Asubuhi kuna uso mwingine jikoni, na hakuna anayemwambia mtoto neno kwa sababu "hata haelewi". Wiki mbili baadaye mama huja kliniki akilalamika: mtoto hali, anaamka usiku akipiga mayowe, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza tena, anauma wenzake. Hupewa dawa ya minyoo.

Yule mtoto anaomboleza. Mwaka wa 1952 James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby, alitoa filamu ya msichana wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini kwa siku nane mjini London, wakati ambapo wazazi walizuiwa kukaa na watoto wao. Robertson alikuwa ameona watoto wengi wa namna hiyo wakipitia hatua zile zile: kwanza kulia na kudai mama, kisha kunyamaza kwa huzuni, na mwishowe, utengano ukiwa mrefu, kuonekana wamechangamka huku mama akija hawamjali. Wauguzi waliita hatua hiyo ya mwisho kupona. Ilichukua hadi mwaka wa 1959 kwa kamati ya serikali ya Uingereza kupendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wao wodini bila vizuizi vile vya zamani.

Kwa hivyo, yaya akiwa hana budi kuondoka, mwombe akae na mgeni wake angalau wiki moja, hata ikikulazimu kulipa wawili kwa siku hizo. Amwage mtoto mchana, macho makavu, kwa maneno machache: "Anti anaenda kwao. Utabaki na Mama na Anti huyu." Mtoto atalia. Acha alie, mbebe. Mtaje yule aliyeondoka siku zinazofuata, umpigie simu ikiwezekana, na kamwe usimtukane mbele ya mtoto, hata kama ameondoka na sufuria zako. Na kwa kuwa tunasema ukweli, yaya anayelipwa vizuri na kwa wakati, anayepata siku ya kupumzika, hukaa. Fedha hizo ni za afya ya mtoto sawa na za maziwa.

Mama naye asubuhi asitoroke kupitia mlango wa nyuma yaya akimshughulisha mtoto na runinga. Najua ni rahisi na wengi hufanya hivyo. Lakini mtoto aliyetorokwa mara kadhaa hujifunza kwamba mama anaweza kuyeyuka wakati wowote, na hapo hakuachi hata ukienda msalani. Aga kwa ufupi, kwa namna ile ile kila siku, halafu nenda kweli. Kurudi rudi mlangoni kumbembeleza mara tatu humwambia kwamba hata wewe una hofu. Jioni ukiingia, kabla ya sufuria na kabla ya simu, keti chini naye. Robo saa sakafuni hutuliza mengi.

Mikono mingi, lakini ile ile

Itasemwa kwamba zamani mtoto alilelewa na kijiji kizima na hakuharibika. Ni kweli, ila tuangalie ilivyokuwa. Robert LeVine na wenzake, waliochunguza malezi huko Kisii katika miaka ya hamsini na tena kati ya 1974 na 1976, walieleza jinsi mama Mgusii alivyokuwa mwepesi kumtuliza mtoto anayelia, akimbeba na kulala naye, ingawa hakuzungumza naye sana wala kumkodolea macho kama wafanyavyo kina mama wa Marekani. Mama alipokwenda shambani, mtoto aliachiwa omoreri, yaani dadake au nduguye mkubwa, na mwenzao Beatrice Whiting alionyesha kuwa watoto waliopewa kazi hiyo ya kulea wadogo zao walikuwa wepesi kuwasaidia wengine. Mikono ilikuwa mingi, lakini leo, kesho na mwaka ujao ilikuwa mikono ile ile.

Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka wa 2003, hata walezi wale wadogo waliokuwa bado nyumbani walichukua mikoba yao wakaenda darasani, na ni haki yao. Nyanya yuko mashambani. Katika ploti za Kayole au Kisauni kilichobaki ni yaya, au chumba kimoja ambamo mama mmoja huwatunza watoto wa wenzake kwa malipo ya kila siku. Ukichagua kituo cha aina hiyo, sakafu safi na choo ni muhimu, lakini uliza pia ni watoto wangapi kwa mlezi mmoja na walezi hubadilishwa mara ngapi. Fika siku moja bila taarifa saa nane mchana. Ukikuta watoto kumi na tano wachanga wamekaa kimya ukutani, usifurahie ukimya huo.

Miaka miwili na ghadhabu zake

Mtoto wa miaka miwili hujitupa chini mbele ya kaunta ya duka akidai biskuti, na kila mteja hugeuka kumtazama mzazi. Aibu ni yako, si yake. Yeye ana hamu kubwa na maneno machache, na sehemu ya ubongo inayozuia hasira itachukua miaka mingi kukomaa. Kumchapa humfunza kuogopa na kumpa biskuti humfunza kulia zaidi. Kaa karibu, hakikisha haumii, na akitulia mpe jina la jambo lenyewe: "Umekasirika kwa sababu nimekataa." Mtoto anayepewa majina ya hisia zake mapema huacha meno na kucha mapema. Wavulana wanahitaji hayo sawasawa na wasichana, ingawa wakifikisha miaka mitatu tu tunaanza kuwaambia mwanamume halii.

Vitisho navyo tuviache. Polisi atakukamata, zimwi litakuja, daktari atakudunga sindano. Hilo la mwisho hutugharimu sana, kwani mtoto huyo huyo akiugua kweli hukataa hata kupimwa kifua.

Kufikia miaka minne hivi huja zawadi nyingine: mtoto huelewa kwamba akilini mwa mwenzake mna mambo tofauti na yaliyo akilini mwake. Hapo ndipo huanza kusema uongo wa kitoto, na pia kumwonea mwenzake huruma kwa namna mpya. Hayo hukua kwa michezo ya kujifanya mama na baba, dukani na hospitalini, na simu ya mkononi haiwezi kuchukua nafasi yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya runinga au simu, na wa kati ya miaka miwili na minne isizidi saa moja kwa siku.

Yapo ya kumwonyesha muuguzi au daktari bila kungoja. Mtoto ambaye hatabasamu akiwa na miezi mitatu. Asiyegeuka kwa jina lake akitimiza mwaka. Asiyekuonyesha kitu kwa kidole akiwa na mwaka mmoja na nusu. Na katika umri wowote, aliyekuwa na maneno au uchangamfu akavipoteza. Mama mwenyewe pia, akiwa na huzuni isiyokwisha wiki mbili baada ya kujifungua, anahitaji matibabu, kwa ajili yake na kwa sababu mtoto husoma uso wake kila siku. Kijitabu cha afya ya mama na mtoto kina ukurasa wa hatua za ukuaji, lakini mara nyingi hubaki mtupu kwa kuwa familia nyingi huacha kliniki baada ya chanjo ya surua ya miezi tisa. Kuna chanjo ya pili ya surua akiwa na miezi 18. Siku hiyo mpeleke mwenyewe ukiweza, au umtume yaya anayemjua, na mwombe muuguzi afungue ukurasa huo.